Quanzhou

Quanzhou ni mji wa bandari wa jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, ambao mabaharia wa Kiarabu waliuita Zaitun, na ambako Ibn Battuta, aliyekwisha kuzuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika katika safari zake za baadaye. Katika mtaa wa Tumen ungali umesimama msikiti wa mawe ulioasisiwa mwaka 1009, yaani 400 Hijria. Sakafu ya ukumbi wake hupigwa na jua, kwani dari ilikwisha anguka zamani, lakini aya za Kurani zilizochongwa kutani zasomeka hata leo, na hapana athari katika mji mzima istahiliyo kutazamwa kwa makini zaidi.

Mtaa wa Magharibi una hekalu la Kaiyuan, la mwaka 686, pamoja na minara yake miwili ya mawe. Kaskazini, katika bustani za mlima Qingyuan, yumo mwanafalsafa Laozi, aliyechongwa katika jabali moja.

Asubuhi wenyeji hunywa tambi nyembamba kama nyuzi, zilizopikwa hata zikawa uji mzito, kisha hutiwa chaza na vipande vya unga uliokaangwa, vikaliwa kabla havijalainika.