Mskoti wa Lossiemouth na Mpaka wa Serengeti

Barabara itokayo Makutano kwenda Mugumu hupita Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, kisha Natta. Ukiipita Natta, mapori ya Grumeti na Ikorongo hayako mbali, na baada yake ni Serengeti yenyewe. Wanatta na jirani zao, Waikoma na Waisenye, waliwinda na kulima katika nchi hiyo vizazi kwa vizazi kabla haijachorewa mpaka. Serikali ilipokaribia kuitangaza Serengeti hifadhi ya taifa kwa sheria, Waziri wa Makoloni kule London alikuwa Mskoti, Malcolm MacDonald, ambaye leo Nairobi inamkumbuka zaidi kuliko mkoa huu wa Mara.

Alizaliwa mwaka 1901 huko Lossiemouth, mji mdogo wa wavuvi kaskazini mwa Uskoti. Baba yake, Ramsay, mtoto wa mtumishi wa ndani aliyekulia katika umaskini, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza kutoka chama cha Labour, mwaka 1924. Malcolm alisoma Oxford, akaingia Bungeni mwaka 1929. Miaka miwili baadaye baba aliunda serikali pamoja na wahafidhina, na chama kikamfukuza. Mwana akabaki upande wa baba. Mwaka 1935 wote wawili walipoteza viti vyao, na mapema 1936 wote wakarudi kwa uchaguzi mdogo, Malcolm akishinda jimbo la Ross na Cromarty, hukohuko Uskoti.

Habari za Natta zinaanza na baba. Novemba 1933, Ramsay akiwa Waziri Mkuu, London ilitiwa saini mkataba wa kuhifadhi wanyama na mimea ya Afrika, uliozitaka serikali za kikoloni zifikirie kuanzisha hifadhi za taifa. Hakuna kijiji cha wawindaji wa Mara kilichokuwa na kiti mezani pale. Malcolm alishika Wizara ya Makoloni Mei 1938, akaiacha Mei 1940, na katika mwaka huo wa 1940 sheria mpya ya wanyamapori ya Tanganyika ikaitaja Serengeti kuwa hifadhi ya taifa. Mwandishi wake hakuwa MacDonald. Ilitoka Dar es Salaam, chini ya Gavana Mark Young. Lakini sera iliyoizaa ilikuwa ya London, na kwa miaka miwili wizara ilikuwa yake. Wala watu hawakuhamishwa kesho yake. Mipaka ilikuja kuwekwa 1951, ikabadilishwa tena 1959 Ngorongoro ilipotengwa, na mwindaji wa mishale aliyefuata nyumbu kama babu yake akawa jangili bila kuhama kwao.

Katika miezi hiyohiyo MacDonald alikuwa akisukuma sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, iliyotenga hadi pauni milioni 5 kwa mwaka kwa miaka 10. Kabla yake, koloni lilitakiwa kujilisha kwa kodi zake lenyewe. Hapo alikuwa mbele ya wenzake wengi, na hilo tusimnyime.

Sifa yake kubwa ilitoka Kenya. Gavana wa huko, Patrick Renison, alikuwa amemtangaza kiongozi wa wazalendo, Jomo Kenyatta, mwaka 1960 kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Mwanzoni mwa 1963 London ikamwondoa na kumleta MacDonald, aliyekuwa ametumikia Malaya na India. Aliona upesi kwamba Kenya isiyo na Kenyatta haiwezekani, akaharakisha mambo: uchaguzi Mei, Madaraka tarehe 1 Juni, uhuru tarehe 12 Desemba. Kisha akakaa, akiwa Gavana Mkuu, halafu balozi. Wakoloni wachache walikaribishwa kubaki namna hiyo. Alikuwepo pia Januari 1964, wanajeshi wa kambi ya Lanet nchini Kenya walipoasi siku chache baada ya wale wa kambi ya Colito, Dar es Salaam.

Alikuwa mpenzi wa ndege tangu Lossiemouth, akaandika vitabu juu yao. Mwaka 1965 alitoa kingine kuhusu wanyamapori wa Kenya, akakiita Treasure of Kenya. Hazina, sawa, lakini ya nani? Mtu aliyemsikiliza Mwafrika wa mjini mwenye chama na kura, sioni kwamba alimsikiliza vilevile yule wa porini mwenye upinde. Baadaye akawa mjumbe maalumu wa Uingereza barani Afrika, miaka ambayo Tanzania ilivunja uhusiano na London kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru, Desemba 1965 hadi 1968. Mwalimu, mtoto wa Butiama aliyesoma Edinburgh, alijua kuwaambia Waskoti na Waingereza hapana kwa lugha yao.

MacDonald alifariki mwaka 1981, akiwa bado mkuu wa Chuo Kikuu cha Durham, na nyaraka zake zimehifadhiwa huko. Kijana wa Mara anayesomea historia akazifungue, lakini kwanza apite Natta, awasikilize wazee na kuandika majina ya mahali palipobaki ndani ya mpaka.