Ukishalipa, Simu ni ya Nani?

Ukinunua jembe, muuzaji hakuulizi unakwenda kulima nini. Mpini ukivunjika unakata mti, unachonga mwingine, na hakuna atakayekuburuza mahakamani eti kwa nini hukununua mpini wa kiwandani. Jembe ni lako, basi.

Sasa chukua simu yako, au printa ya ofisini, au trekta la kisasa. Umelipa hela yote na risiti unayo. Lakini kuna wakubwa wanaosema bado hakijawa chako sawasawa. Usikifungue. Usikipeleke kwa fundi asiyetambulika. Usiguse programu iliyomo ndani.

Wengi wanadhani ubishi huu umeanza na simu za mkononi. Hapana. Una zaidi ya miaka 70, na mmoja wa wakongwe wake ni kikombe. Ndiyo, kikombe. Twende Marekani kwanza, maana huko ndiko kesi kubwa zilikopiganwa, halafu tutarudi nyumbani. Utaona kwa nini.

Miaka ya 1940 karibu Marekani nzima ilikuwa chini ya kampuni moja ya simu, AT&T. Simu hukununua, ulipangishwa. Waya, mitambo, hata ile simu iliyokaa mezani kwako, vyote mali ya kampuni, wewe kazi yako kulipa kila mwezi. Na masharti yalisema: hakuna kitu chochote kisichotoka kwa kampuni kitakachofungwa kwenye simu. Chochote!

Sasa kulikuwa na kikampuni kidogo kinauza kidude kiitwacho Hush-A-Phone. Ni kama kikombe tu. Unakipachika mahali pa kuongelea, unazungumzia humo ndani ili wenzako ofisini wasisikie siri zako, na kelele za ofisini nazo zisiingie kwenye simu. Hakina waya wala umeme. AT&T wakasema marufuku, kinaharibu huduma. Mwaka 1948 wenye kikombe wakapeleka malalamiko kwenye Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC. Tume ikakaa nalo mpaka 1955, ndipo ikasema AT&T wako sahihi. Miaka saba kujadili kikombe!

Wenye kikombe wakakata rufaa. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikapindua uamuzi. Hoja yake hata bibi kijijini angeielewa: mtu akikinga mkono mdomoni anapata matokeo yaleyale, na mkono hamumkatazi, sasa kikombe mnamkatazaje? Mahakama ikaweka kanuni kwamba mteja ana haki ya kuitumia simu kwa namna inayomfaa yeye, mradi asiudhuru umma.

Hebu soma tena hapo. Yule mteja alikuwa mpangaji tu, simu si yake, na bado alipewa haki hiyo. Weka hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Baada ya kikombe akaja Thomas Carter, mfanyabiashara wa Texas. Huko kuna visima vya mafuta na ranchi kubwa, mtu yuko mbali na waya wa simu. Carter akatengeneza kifaa alichokiita Carterfone: unalaza mkono wa simu juu yake, na sauti inapita kutoka kwenye simu kwenda kwenye redio ya upepo ya mtu aliyeko porini. Kati ya 1959 na 1966 aliuza kama 3,500. AT&T wakawatisha wateja wake kwamba wanavunja masharti. Carter hakulala. Mwaka 1965 akafungua kesi, na Juni 1968 Tume ikaamua kwamba masharti yale ni batili: mteja anaweza kuunganisha kifaa chake, mradi hakidhuru mtandao.

Kampuni haikukubali kirahisi. Ikadai vifaa vya nje vipitie kwenye kisanduku chake maalumu, na kisanduku hicho unakilipia. Ikabidi katikati ya miaka ya 1970 Tume iweke utaratibu wa kusajili vifaa ili watu wavichomeke moja kwa moja ukutani. Unajua kilichofuata? Mashine za kupokea ujumbe, faksi za bei nafuu, na modemu. Ile modemu iliyokuwa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ambayo watu duniani kote walianzia nayo kuingia kwenye intaneti miaka ya 1990, haikuomba ruhusa ya kampuni ya simu kwa sababu Carter aliwahi kugoma kuomba ruhusa. Na kuna kichekesho kingine. Mtaalamu wa sauti aliyebuni toleo bora la kile kikombe, Leo Beranek, ndiye mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyojenga mitambo ya kwanza ya ARPANET mwaka 1969, mama wa intaneti yenyewe.

Kwa hiyo hii haki haikuwa ya kumfurahisha mteja tu. Mtu akiruhusiwa kuchokonoa kilicho chake, huwa anatokeza kitu ambacho kampuni isingekitengeneza, au isingetaka kitengenezwe.

Basi ungedhani kesi imekwisha. Haikwisha. Ilihama.

Oktoba 28, 1998 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya hakimiliki ya zama za dijitali, maarufu kama DMCA. Lengo lilielezwa kuwa ni kuwadhibiti wezi wa filamu na muziki. Kifungu chake cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli la kiteknolojia linalolinda kazi yenye hakimiliki. Sawa, filamu ni kazi yenye hakimiliki. Lakini programu ya kompyuta nayo ni kazi yenye hakimiliki, na miaka ile kompyuta ilikuwa inaanza kuingia kwenye kila kitu: gari, friji, printa, simu. Mwenye kiwanda anaweka programu ndogo ndani ya kifaa, anaifungia kwa kufuli, na wewe ukilifungua umevunja sheria hata kama kifaa umekilipia mpaka senti ya mwisho. Anayelivunja kwa makusudi ili apate faida anaweza kufungwa mpaka miaka mitano kwa kosa la kwanza.

Haikuchukua muda mrefu watu kuiona fursa. Kampuni ya printa ya Lexmark iliweka chipu kwenye katriji zake za wino wa unga ili printa ikatae katriji za wengine, kisha mwisho wa 2002 ikaishitaki kwa sheria hiyo kampuni iliyotengeneza chipu mbadala. Kampuni ya Chamberlain nayo ikaishitaki nyingine kwa kutengeneza rimoti inayofungua mlango wa gereji. Rimoti ya mlango! Sheria ya wezi wa filamu imefika mpaka gereji. Mwaka 2004 mahakama mbili za rufaa zilizitupa hoja zote mbili. Na Mei 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi iliigeukia Lexmark tena, safari hii katika suala la hataza, yaani haki ya mvumbuzi, na kusema kwamba ukishauza bidhaa, haki yako ya hataza juu ya bidhaa hiyo imekwisha, hata kama umeiuzia nje ya Marekani. Jaji Mkuu John Roberts alitoa mfano wa gereji inayokarabati na kuuza magari yaliyotumika, kwamba biashara hiyo ingekwama kama kila aliyetengeneza kipuri angebaki na mkono wake ndani ya gari.

Lakini kifungu cha 1201 kipo palepale. Kilichowekwa ni utaratibu wa kuomba ruhusa: kila baada ya miaka mitatu wananchi wanapeleka maombi, na Mkuu wa Maktaba ya Bunge anaamua kufuli zipi zinaruhusiwa kuvunjwa. Kwa hiyo anayeamua kama mkulima wa Iowa anaweza kuchungulia ndani ya trekta lake ni mkutubi. Mwaka 2006 aliruhusu watu kufungua simu zilizofungwa kwenye mtandao mmoja. Mwaka 2012 akaiondoa ruhusa hiyo, ikawa simu zilizonunuliwa baada ya Januari 26, 2013 ni kosa kuzifungua bila idhini ya kampuni. Watu zaidi ya 114,000 wakaweka majina yao kwenye ombi kwa Ikulu ya Marekani, na Agosti 1, 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kurudisha ruhusa. Trekta nalo lilipata ruhusa Oktoba 2015, baada ya kampuni ya John Deere kuieleza Ofisi ya Hakimiliki kwamba kwa upande wa programu, mkulima ana leseni tu ya kulitumia trekta kwa muda wa uhai wake.

Sasa kumbuka yule mpangaji wa 1956. Alikuwa anapanga simu, akapewa haki ya mwenye mali. Mkulima wa 2015 amenunua trekta, anaambiwa ni mpangaji. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hawakutuambia kwamba itafika siku hata ya kununua itakuwa ya kuazima.

Tena ruhusa zile zina tundu. Zinaruhusu tendo la kuvunja kufuli, lakini kutengeneza na kuwauzia watu zana ya kulivunjia kunabaki chini ya marufuku ya sheria. Umeruhusiwa kula supu, lakini marufuku mtu yeyote kukuuzia kijiko.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na hata mkubwa tumpe haki yake. Kampuni zina hoja. Betri ikibadilishwa ovyo inaweza kulipuka. Injini ikichezewa inatoa moshi kuliko kiwango. Siri za mteja zinaweza kuvuja kwa fundi asiye mwaminifu. Haya si ya kupuuza. Ila Mei 2021 tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara, FTC, ilitoa ripoti baada ya kuzipitia hoja za namna hii, na ikasema ushahidi wa kuziunga mkono ni mdogo sana.

Ndiyo maana majimbo yakaanza kutunga sheria yenyewe. Massachusetts ilianza na magari mwaka 2012. Colorado ikafuata na viti vya walemavu vya umeme 2022, kisha matrekta 2023. New York ilisaini ya vifaa vya kielektroniki Desemba 2022, Minnesota na California zikaja 2023. Machi 2024 Oregon ikaenda mbali zaidi: ikawa ya kwanza kukataza ule mchezo wa kufunganisha vipuri, yaani unatoa kioo halisi kwenye simu moja, unakiweka kwenye simu nyingine ya aina ileile, na simu inakikataa kwa sababu namba yake haijaidhinishwa na kiwanda. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake Juni 2024, na nchi wanachama zikapewa mpaka Julai 31, 2026 kuiingiza kwenye sheria zao.

Vizuri kwao. Sisi je?

Nenda Kariakoo au Luthuli Avenue. Fundi amekaa na meza yake, taa, lenzi, na mashine ya hewa ya moto. Simu uliyotumiwa na shangazi kutoka ughaibuni, imefungwa kwenye mtandao wa huko, yeye anaifungua. Kioo kimepasuka, anatoa kwenye simu nyingine iliyokufa. Imegoma kuwaka, anaiflashi. Hapo kuna ajira, na kuna simu ambayo ingekuwa takataka. Fundi huyu hajaziuliza kesi za Washington, na Washington haijamuuliza yeye.

Lakini zile kufuli zinakuja. Simu inayokataa kioo cha simu ndugu yake inakataa Oregon na inakataa Kariakoo vilevile, maana programu ni ileile. Tofauti ni kwamba mtu wa Oregon ana sheria ya kusimama nayo, fundi wetu hana. Kufuli husafiri, lakini haki ya kulifungua inabaki uwanja wa ndege. Na tusisahau upande wa pili: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi zenye hakimiliki, na inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi hizo. Ile sehemu ya kukataza imeshatufikia.

Usiniambie nchi zetu ni ndogo, haziwezi kuwagusa wenye viwanda. Serikali zilipotaka kuzima simu bandia, Kenya ilizima 2012 na Tanzania ikazima Juni 2016. Zilizima simu zilizokuwa mikononi mwa wananchi waliozilipia. Dola yenye uwezo wa kumzimia mnunuzi simu inaweza pia kumwambia muuzaji: ukitaka kuuza hapa, uza na vipuri, toa na maelekezo, wala usimfungie fundi. Kubadili IMEI ya simu ya wizi kubaki kosa, sawa kabisa. Kubadili kioo kuwe haki.

Kikombe kilipiganiwa miaka minane. Carter alihangaika mpaka 1968. Hakuna kati yao aliyepewa kwa sababu kampuni ilimhurumia. Mnasemaje wenzangu, hasa nyie wanasheria mnaosoma hapa: muswada huu tunauanzia wapi?