Kosa ni Kurudia Kosa: Siku Theluji Ilipoifunga Atlanta

Ndugu msikilizaji, wahenga wetu walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Leo nataka tuupime msemo huo kwa kisa cha mji mmoja wa mbali, mji tajiri wenye barabara pana na magari mengi, uliofungwa na theluji mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa siku ya Jumanne, na mara zote mbili sababu ilikuwa ile ile.

Mji huo ni Atlanta, makao makuu ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Sisi tulio mbali tukisikia Marekani katika miezi ya baridi hudhani kuna theluji kila mahali. La hasha. Kaskazini, miji kama Chicago na Buffalo huishi nayo kila mwaka. Kijana wa huko anapojifunza udereva hujifunza na theluji pia, na wengi hubadilisha matairi majira yanapobadilika. Atlanta si hivyo. Huko theluji ni mgeni wa siku moja mbili, na miaka mingine haonekani kabisa. Mtu anaweza kukaa na leseni mfukoni miaka mingi bila kuendesha gari juu ya barafu hata siku moja.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Januari, 1982. Theluji ilianza kuanguka mchana, watu wakiwa kazini. Kila mtu alichungulia dirishani, akachukua koti lake, akakimbilia garini. Mji mzima uliingia barabarani kwa wakati mmoja. Jioni ilipofika barabara zilikuwa zimeganda, magari yameachwa njiani kwa maelfu, na wenyewe wanarudi nyumbani kwa miguu gizani. Wakazi waliipa siku ile jina, wakaizungumza kwa miaka mingi.

Hapa tusimame kidogo tujiulize: theluji kiasi kidogo inamshindaje mtu mwenye gari zima na akili timamu?

Tairi hushika barabara kwa msuguano. Kwenye barafu msuguano huo karibu hutoweka, na gari linaweza kuhitaji nafasi mara saba au zaidi ya ile linayohitaji kusimama kwenye lami kavu. Tena, wengi hudhani kwamba baridi ikizidi utelezi nao huzidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka ndiyo mbaya kuliko zote, maana juu yake kuna utando mwembamba wa maji. Na hiyo ndiyo barafu ya Atlanta. Theluji huanguka juu ya barabara ambayo bado ina uvuguvugu, huyeyuka chini ya matairi, halafu jua likishuka hugeuka kioo. Madaraja hutangulia kuganda, kwa sababu upepo wa baridi huyapiga juu na chini.

Sasa mweke hapo dereva asiyezoea. Akiona gari la mbele linasimama, anakanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu yanaganda lakini gari linaendelea na safari. Akikwama mlimani, anakanyaga mafuta. Gurudumu linazunguka palepale na kuisugua barafu ikazidi kuwa laini, na anayemfuata anakuta pabaya zaidi. Aliyezoea hufanya kinyume: huenda polepole, huacha nafasi kubwa mbele yake, hushika usukani bila papara, na huondoka kwa gia ya juu kidogo ili gurudumu lisizunguke bure. Mambo hayo si magumu. Lakini hayajifunzwi jioni moja ukiwa katikati ya foleni.

Turudi kwenye historia. Ilipita miaka 32. Mji ukakua, vitongoji vikaenea, magari yakaongezeka mno. Mwaka 2011 barafu iliufunga tena mji kwa siku kadhaa, na baada ya hapo serikali ya mji ikaongeza magari ya kusukuma theluji na ya kumwaga chumvi, kwani chumvi huzuia maji yasigande upesi. Watu wakaamini somo limeeleweka.

Ikaja Jumanne ya tarehe 28 Januari, 2014. Kabla ya mapambazuko, Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa onyo la dhoruba ya theluji kwa eneo la Atlanta. Hata hivyo shule zilifunguliwa, ofisi zikafunguliwa, watu wakaenda kazini kama kawaida. Karibu na saa sita mchana theluji ikaanza. Na kilichofuata ni ule mchezo wa 1982, hatua kwa hatua. Shule, ofisi za serikali na makampuni vikawaachia watu karibu saa ile ile moja. Magari ya chumvi yakatoka, lakini yatapita wapi? Nayo yakakwama katika foleni ile ile. Malori yenye matela, ambayo hutakiwa kuuzunguka mji badala ya kukatiza katikati, yaliteleza na kujikunja kwenye barabara ya mzunguko, yakaziba njia.

Theluji yote iliyopimwa uwanja wa ndege wa mji huo haikufika sentimita 7. Kidole chako cha shahada kinatosha kuipima.

Lakini tazama matokeo yake. Watu walikaa ndani ya magari zaidi ya saa 12, wengine mpaka asubuhi. Wanafunzi zaidi ya 2,000 walilala shuleni, na wengine walikwama ndani ya mabasi ya shule mpaka usiku. Ajali zilizidi 1,000. Mtoto wa kike alizaliwa ndani ya gari kwenye barabara ya mzunguko, baba yake na askari polisi wakisaidia. Maduka makubwa yaliacha milango wazi ili wapita njia walale sakafuni. Nasi tusidhani hayo ni ya watu baki tu. Mji mdogo wa Clarkston, kando ya Atlanta, umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, wakiwamo watu wa Kongo wanaozungumza lugha hii hii ninayozungumza nawe.

Asubuhi yake lawama zikaanza. Wa kaskazini waliwacheka madereva wa kusini kwamba hawajui kuendesha. Ni kweli wengi hawakuzoea. Lakini msikilizaji, fikiria: ndani ya foleni ile walikuwamo pia watu waliozaliwa Chicago na Buffalo wakahamia Atlanta kutafuta kazi. Je, ustadi wao uliwafaa nini? Lori likijilaza mbele yako, dereva hodari na dereva mwanafunzi wote wanalala barabarani. Ustadi wa mtu mmoja hauwezi kuponya uamuzi mbaya wa mji mzima.

Wakuu nao walirushiana mpira. Meya Kasim Reed alieleza kwamba barabara kuu ni za jimbo, si za mji. Gavana Nathan Deal kwanza alisema dhoruba haikutarajiwa, na wataalamu wa hali ya hewa wakamjibu kwamba onyo lilitolewa mapema. Hatimaye Gavana aliomba radhi na kubeba dhima, na Meya akakubali kwamba lilikuwa kosa kuwaachia watu wote kwa wakati mmoja. Kwa kukiri huko wanastahili heshima. Wakuu wengi hawafiki hapo.

Wiki mbili baadaye, katikati ya Februari 2014, dhoruba nyingine ikaja. Safari hii barafu ilikuwa mbaya zaidi. Ilivunja miti na kukata nyaya, maelfu kwa maelfu ya nyumba zikakosa umeme. Lakini Gavana alikuwa ametangaza hali ya hatari mapema, shule zikafungwa kabla theluji haijaanguka, na wafanyakazi wakabaki majumbani. Barabara za Atlanta zilikuwa tupu. Madereva walikuwa wale wale, hawakupata darasa lolote ndani ya siku 15. Kilichobadilika ni saa ya kufanya uamuzi.

Na siku zile zile, katika mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina, watu walitoka maofisini wote pamoja theluji ilipoanza mchana, wakakwama vile vile. Habari za Atlanta walikuwa wamezisoma magazetini wiki mbili tu nyuma. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, wao hawakutia.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tukisikia kwamba barabara imefungwa na watu wamelala njiani, pengine kwa theluji huko kwao, pengine kwa janga lingine kwingineko, tusikimbilie kumcheka dereva. Yeye alitoka saa aliyoambiwa atoke. Tuulize kwanza: aliyepokea onyo usiku alifanya nini kabla ya asubuhi?