Mhariri Aliyeuliza: Habari ya John W. Campbell

Aghalabu msomaji akimaliza hadithi iliyomkonga moyo humshukuru mtunzi peke yake, wala hapitikiwi na fikira kwamba huenda palikuwapo mtu wa pili, ambaye jina lake halikupigwa chapa juu ya hadithi ile, naye ndiye aliyeirudisha kwa mwenyewe mara mbili au tatu mpaka ikakaa inavyostahili kukaa. Hata kwetu mhariri hudhaniwa kuwa msahihishaji wa herufi na vituo tu, dhana ambayo mimi naiona kuwa ni dhulma. Katika hadithi za sayansi na za ajabu zilizoenea Marekani katika karne ya ishirini kazi ya mtu huyo wa pili ilikuwa kubwa hata haiwezekani kuieleza tarehe ya hadithi hizo pasipo kumtaja.

Jarida la kwanza la Kiingereza lililotengwa kwa hadithi za sayansi peke yake, Amazing Stories, lilitolewa New York mwezi wa Aprili 1926 na Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg na bingwa wa mambo ya redio, aliyetaka hadithi imfundishe msomaji sayansi na ambaye uzuri wa usimulizi haukumshughulisha sana. Mengine yakafuata, yote ya karatasi duni na rangi kali jaladani, yakiwalipa watunzi kwa hesabu ya maneno. Mojawapo, Astounding Stories, lilianza Januari 1930, na mnamo Oktoba 1937 likakabidhiwa mhariri mpya mwenye umri wa miaka 27, John W. Campbell, ambaye hakuondoka katika kiti kile mpaka alipofariki Julai 1971.

Campbell hakuwa mgeni wa fani. Alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1910, akasoma katika chuo cha MIT mpaka akatolewa kwa kushindwa somo la Kijerumani, akahitimu fizikia katika Chuo Kikuu cha Duke, na muda huo wote alikuwa mwenyewe akitunga, mara kwa jina lake na mara kwa jina la Don A. Stuart, alilolitoa katika jina la mkewe, Dona Stewart. Hadithi yake mashuhuri kuliko zote, “Who Goes There?”, ilichapishwa Agosti 1938, na baada ya hapo kalamu ya utunzi akaiweka chini karibu kabisa, fikira zilizomjaa kichwani akawa anazigawa kwa watu wengine.

Tarehe 21 Juni 1938 kijana wa miaka 18, Isaac Asimov, ambaye baba yake aliuza peremende na magazeti katika duka dogo la Brooklyn, alipanda treni ya chini ya ardhi, muswada mkononi, akaenda kubisha hodi. Mtu mwenye shughuli angeipokea bahasha mlangoni na kumuaga. Campbell alimkaribisha ndani, wakazungumza zaidi ya saa nzima. Muswada wenyewe aliukataa baada ya siku chache, walakini aliurudisha na barua ya kueleza sababu, na kijana akarudi na hadithi nyingine, na nyingine tena, mpaka moja, “Trends”, ikapata kuchapishwa Julai 1939. Mimi huiona saa ile moja kuwa ni miongoni mwa saa zilizozaa matunda mengi katika fasihi ya Marekani, maana Asimov alikuja kuandika vitabu kwa mamia, na hata uzeeni hakuacha kusema ni nani aliyemfunza.

Je, alimfunza kwa njia gani? Kwa masuali. Siku moja ya Machi 1941 Campbell alimsomea fikira ya mwandishi Emerson, kwamba lau nyota zingeonekana usiku mmoja tu katika kila miaka elfu watu wangezistaajabia na kuabudu, akamuuliza yeye aonaje. Mwenyewe alishuku kwamba watu wangerukwa na akili. Asimov akaenda nyumbani akaandika “Nightfall”, iliyotoka Septemba mwaka ule. Kabla ya hapo, Desemba 1940, walipokuwa wakizungumza habari za roboti, Campbell alimwonyesha kuwa hadithi zake zimesimama juu ya kanuni tatu ambazo hajapata kuzitamka, akazitamka. Tangu siku ile Asimov alikuwa akisema kanuni ni za Campbell, na Campbell akisema ni za Asimov, na mimi sioni haja ya kuamua kati yao, kwa sababu kazi ya mhariri ndiyo hiyo hasa: kumsomea mtunzi yaliyomo moyoni mwake naye hajui kuwa yamo.

Fikira ile ile moja Campbell aliweza kuwapa watunzi kadhaa, akijua kwamba kila mmoja atakuja na hadithi yake mbali. Alidai viumbe wa sayari nyingine wenye akili timamu kama ya binadamu lakini isiyofanana na ya binadamu. Na alipoanzisha Unknown mwaka 1939, jarida la hadithi za ajabu lililokufa mwaka 1943 kwa uhaba wa karatasi za wakati wa vita, aliutaka hata uchawi uwe na kanuni zake, na mtunzi aliyeziweka asizivunje kwa ajili ya kumwokoa shujaa wake. Kwa msingi huo Tom Godwin alirudishiwa “The Cold Equations” mara tatu, maana kila mara alimtafutia msichana wa hadithi ile njia ya kunusurika, ilhali mafuta ya chombo hayakutosha kuwabeba wawili. Ilipochapishwa mwaka 1954 msichana alikufa, na wasomaji wakabishana miaka mingi.

Ukweli wa mambo aliusimamia hata ukamletea askari kanzu. Mnamo Machi 1944 alichapa “Deadline” ya Cleve Cartmill, iliyoeleza bomu la urani kwa maarifa ambayo Campbell mwenyewe alimpa mtunzi, wakati serikali yake ilikuwa ikilitengeneza bomu lenyewe kwa siri kubwa. Wapelelezi walipofika ofisini aliwaeleza kuwa yote yalikuwa yamekwisha kuchapishwa katika majarida ya elimu kabla ya vita.

Lakini yapo mambo ambayo Campbell hakuyauliza, na hapo ndipo sifa yake inapoingia doa. Katika vita baina ya binadamu na viumbe wa nje alipenda binadamu ashinde, na Asimov, aliyehisi katika pendo lile harufu ya ubaguzi wa watu kwa watu, alizijaza hadithi zake za Foundation binadamu watupu ili aepukane na ubishi. Mwaka 1950 Campbell alifungua kurasa zake kwa Dianetics, mafunzo ya kuponya nafsi ya mtunzi L. Ron Hubbard, baadaye akatetea kwa bidii mtambo wa Hieronymus, uliodaiwa kupima nguvu zisizojulikana na sayansi, akidai kuwa hata mchoro wake kwenye karatasi ulifanya kazi. Mwanafizikia aliyewarudishia wengine miswada kwa kasoro ndogo hakuwa na mtu wa kumrudishia ya kwake. Mtunzi Alfred Bester na wengine wakahamia jarida la Galaxy, au lile lililohaririwa na Boucher na McComas, na tahariri za Campbell zikafikia kutetea utengano wa weupe na weusi.

Mwaka 1967 akaletewa riwaya ya Nova ya Samuel R. Delany, Mwamerika mweusi wa Harlem aliyekwisha kutunukiwa tuzo ya Nebula, apate kuichapa kwa sehemu katika jarida lake, lililokuwa limebadilishwa jina kuwa Analog. Shujaa wake, Lorq Von Ray, mama yake ni wa Senegal na baba yake wa Norway. Campbell aliikataa, akamfahamisha wakala wa Delany kwamba kitabu ni kizuri ila wasomaji wake hawatajinasibisha na shujaa mweusi. Mtu aliyeamini kuwa wasomaji wake wataweza kuingia katika akili ya mdudu wa sayari ya mbali hakuamini kuwa wataweza kuingia katika akili ya mtu mwenye mama Msenegali. Na sisi tusomao habari hii Afrika tunayo haki ya kuhuzunika, kwa sababu suali ambalo angelazimika kulijibu lilikuwa jepesi kuliko yote aliyowahi kuwauliza wengine. Doubleday wakaichapa Nova mwaka 1968.

Tangu 1973 tuzo ya mwandishi bora mpya iliitwa kwa jina la Campbell. Jeannette Ng, mzaliwa wa Hong Kong, alipoipokea Dublin mnamo Agosti 2019 alimshutumu hadharani, na mwezi haujaisha wenye jarida wakaibadilisha jina, ikawa tuzo ya Astounding. Mimi naona walitenda haki, maana mwandishi chipukizi hapaswi kupewa heshima kwa jina la mtu ambaye yamkini angemfungia mlango. Hata hivyo yule kijana wa Brooklyn alifunguliwa, na I, Robot, kitabu alichokitoa mwaka 1950, alikitabarukia kwa Campbell.