Malungu ya Ufipa: Tanuri Lililovuta Hewa Lenyewe

Malungu ni matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyatumia kupata chuma kutoka kwenye mawe. Moja huitwa ilungu. Mabaki yake yametawanyika katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ikiwemo Wilaya ya Nkasi, ilipo Chala kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Tanuri hili halikuhitaji mivukuto. Likishawashwa, lilivuta hewa lenyewe usiku na mchana, wala hapakuwa na mtu wa kulipulizia. Ulikuwa mtambo unaojiendesha, na kama mitambo yote ya aina hiyo, uliweza kumgomea aliyeutengeneza.

Masimulizi ya Wafipa yanaitaja Milansi kuwa dola yao kongwe, iliyoanzishwa na Ntatakwa, mtu aliyeshuka kutoka mbinguni. Baadaye utawala ulishikwa na ukoo wa kifalme wa Twa, na nchi ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Dola hizo ziliishi kwa kilimo, na kilimo kilitegemea jembe la chuma. Utafiti wa mwanaakiolojia Bertram Mapunda, uliokamilika mwaka 1995, ulionyesha kwamba malungu haikuwa mbinu pekee ya kuyeyusha chuma katika eneo la Nkasi. Ilikuwepo pia mbinu nyingine iitwayo katukutu.

Ilungu lilijengwa kwa udongo, hasa ule wa kichuguu, ambao hushikana vizuri na kustahimili moto. Lilikuwa pana chini na jembamba juu, na kimo chake kilifika mita 3 hivi. Kuzunguka kitako chake yaliachwa matundu, na ndani yake ikapachikwa mirija ya udongo uliochomwa. Chini zilipangwa kuni, juu yake makaa na mawe yenye chuma, kisha moto ukawashwa.

Siri ya kazi ilikuwa kwenye kimo. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo hupanda na kutokea juu, na hewa baridi huingia kwa nguvu kupitia mirija ya chini kuziba nafasi yake. Tanuri likiwa refu zaidi, mvuto nao huzidi. Ndani, makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo huondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma katika jiwe. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri hili halikulifikia. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, yaani mavi ya chuma, na chuma kikabaki kuwa donge gumu lenye matundu.

Mbinu hiyo ilikuwa na gharama yake. Iliwapunguzia watu kazi ya kuvukuta, lakini ilikula kuni na makaa mengi, na donge lilitoka likiwa bado limechanganyika na uchafu. Kwa sababu hiyo Wafipa walikuwa na tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hapo mivukuto ilitumika, donge likachomwa upya hadi chuma kikatakata. Ndipo mhunzi alipolipokea na kulifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Majembe hayo yalitumika kulimia mashamba, yakatolewa mahari na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Matanuri yanayovuta hewa yenyewe yalijengwa pia Malawi, Zambia na Afrika Magharibi. Wahaya wa Kagera, tofauti na hao, walitumia mivukuto, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba mafundi wao waliweza kutoa chuma cha pua.

Msimamizi wa kazi yote aliitwa silungu. Alijua mawe, udongo na moto, na alimiliki intangala, kikapu cha dawa zilizowekwa katika tanuri kabla ya kuliwasha. Uyeyushaji ulifanyika mbali na kijiji. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi, na chuma kilichotoka kilikuwa uzao wake. Wakati wa kazi mafundi walijitenga na wake zao, na wanawake walio katika hedhi hawakuruhusiwa kukaribia.

Hata hivyo ilungu liliweza kukataa. Makaa yakiwa na unyevu, joto halipandi. Mrija ukizibwa na mavi ya chuma, moto hufifia upande huo. Ukuta ukipasuka, hewa hupenya pasipotakiwa. Baada ya jasho lote hilo, mafundi wangeweza kukuta mawe yaliyoiva nusu. Hapo Wafipa hawakulilaumu tanuri. Waliuliza ni nani aliyevunja mwiko, na dawa ipi ilisahauliwa.

Hadithi za kisasa huutazama mgomo wa mtambo kwa jicho tofauti. Mwaka 1921 tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek, juu ya roboti zinazoasi, ilionyeshwa jijini Prague, na tangu hapo hadithi nyingi za kubuni za sayansi, za kutisha na za kuchekesha, zimemweka mvumbuzi mwenye tabia za ajabu mbele ya roboti zisizomtii. Mara nyingi katika hadithi hizo ukaidi ni wa mashine. Ufipa ilishika msimamo mwingine: mtambo ukigoma, wenye mtambo ndio wanaohojiwa. Miiko yenyewe haikubadili kemia ya moto, lakini iliweka nidhamu, ikawaweka mafundi karibu na kazi yao, na kumfanya silungu awajibike kwa matokeo.

Askofu Adolphe Lechaptois alieleza uyeyushaji huo katika kitabu chake cha mwaka 1913. Kufikia hapo bidhaa za chuma za Ulaya zilikuwa zikiingia, na bei zake rahisi zilichangia kuyazima malungu. Wahunzi waliendelea kufua, lakini kwa vyuma chakavu. R. C. H. Greig aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1937 na R. Wise mwaka 1958, wote katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Randi Barndon alichapisha mwaka 2004 utafiti wake kuhusu Wafipa na Wapangwa.

Udongo haudumu milele, na malungu yaliyobaki humomonyolewa na mvua. Yanastahili kuorodheshwa, kuzungushiwa uzio na kutunzwa, na wanafunzi wa Chala na Nkasi nzima wapelekwe kuyaona, kwa kuwa fizikia na kemia wanazosoma darasani zilitumika kwenye ardhi yao wenyewe, na waliozitumia ni mababu zao.