Nyota Inapozimika: Waimbaji Watatu na Kilichobaki Baada ya Makofi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, ni nyumba chache siku hizi zisizokuwa na kijana anayejua nyimbo nyingi kuliko sura za Juzuu Amma. Wapo wenye sauti nzuri kweli kweli. Wanasifiwa shuleni, wanasifiwa mitaani, kisha wanarudi nyumbani na kuuliza: niimbe au nisiimbe? Na nikiimba, nitafika wapi? Sisi wazazi mara nyingi hujibu kwa ukali, au tunanyamaza kabisa.

Leo tumeona tujibu kwa historia. Tutaangalia maisha ya Waislamu watatu waliojulikana kwa sauti zao: mmoja wa London, mmoja wa Karachi na mmoja wa Unguja. Hapa hatutoi fatwa juu ya muziki. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu. Wengi wamekataza ala za muziki, wengine wameruhusu kwa masharti, na dufu katika harusi na Idi lina mlango wake. Mwenye kutaka hukumu amuulize sheikh wake. Swali letu sisi ni jingine: sauti ilipogeuka au ilipokwisha, kilibaki nini?

YUSUF ISLAM: ALIYEONDOKA KISHA AKARUDI

Alizaliwa London mwaka 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Baba yake alikuwa Mgiriki wa Cyprus na mama yake Mswidi, na familia iliishi juu ya mgahawa wao katikati ya jiji. Akiwa bado kijana alijipa jina la Cat Stevens. Mwaka 1967, kabla hajatimiza miaka 19, wimbo wake ulifika nafasi ya pili katika orodha ya Uingereza.

Umaarufu huo ulikuja na safari, pombe na usiku usiokwisha. Kisha akaugua kifua kikuu, akalazwa hospitali kwa miezi. Kitandani alianza kujiuliza maswali ya uhai na mauti. Alipopona, nyimbo zake zilikuwa zimebadilika. Zikawa za mtu anayetafuta njia, na hizo ndizo zilizompa jina duniani kote katika miaka ya mwanzo ya 1970.

Mwaka 1976 alikuwa akiogelea bahari ya Malibu, Marekani, mkondo ukamchukua mpaka akakaribia kuzama. Amesimulia mara nyingi kuwa alimwomba Mungu amwokoe, akaahidi kumtumikia, na wimbi likamrudisha ufukweni. Baadaye kaka yake, David, alimpa nakala ya tafsiri ya Qur'ani. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kilimgusa sana. Desemba 1977 akatamka shahada katika msikiti mkuu wa London, ule wa Regent's Park, na baadaye akachukua jina la Yusuf Islam.

Hapa wengi wetu husimulia kwamba alisilimu, akatupa gitaa, hadithi ikaisha. Mambo hayakwenda hivyo. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa imamu aliyemuuliza hakumlazimisha kuacha, mradi nyimbo ziwe na maadili. Lakini alisikia pia kauli za wale wanaokataza, na akaona jambo hilo lina shaka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi yapo mambo yenye kutatiza, na anayeyaepuka huilinda dini yake. Basi akaliepuka. Albamu yake ya mwisho ya wakati huo ilitoka mwaka 1978, na mwaka 1979 aliimba Wembley katika onyesho la kuchangia watoto kupitia UNICEF. Kisha akanyamaza. Magitaa yake akayauza kwa ajili ya sadaka.

Dunia ya muziki ilimsahau upesi. Vijana wapya walikuja, mitindo ikabadilika. Mwaka 1989, baada ya maneno yake kuhusu Salman Rushdie kuzua ghadhabu, baadhi ya vituo vya redio Marekani viliacha hata kupiga nyimbo zake za zamani. Yeye alisema maneno hayo yalieleweka vibaya.

Sasa tutazame alikuwa akifanya nini katika kimya hicho. Mwaka 1983 alianzisha shule ya msingi ya Islamia huko Brent, London, ikiwa na watoto 13 tu. Kwa miaka mingi aliongoza juhudi za kuitaka serikali iisaidie shule hiyo kama inavyosaidia shule za Wakristo na Mayahudi. Aliombea shule, akakataliwa, akaomba tena. Mwaka 1998 serikali ilikubali, na Islamia ikawa miongoni mwa shule mbili za mwanzo za Kiislamu nchini Uingereza kupata fedha za serikali. Watoto waliosoma hapo wengi hawakuwahi kumwona jukwaani.

Mambo mawili yalimrudisha kwenye sauti. La kwanza ni vita vya Bosnia. Waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, Irfan Ljubijankić, alimpa kaseti yenye wimbo aliouandika mwenyewe. Mwaka 1995 waziri huyo aliuawa, helikopta yake ilipopigwa. Yusuf aliona jinsi Waislamu wale waliokuwa wakichinjwa walivyoshikilia nyimbo zao ili wasipotee, akaanza kufikiri upya. La pili, mwanawe alileta gitaa nyumbani. Mwaka 2003 aliimba Cape Town katika onyesho la Nelson Mandela la kupambana na ukimwi, na mwaka 2006 akatoa albamu mpya, ya kwanza ya aina hiyo baada ya miaka 28.

Basi lawama zikaja kutoka pande mbili. Mwaka 2004 ndege aliyopanda kwenda Washington iligeuzwa njiani, ikatua Bangor, Maine, naye akarudishwa Uingereza kwa madai ya usalama, na hakufunguliwa mashtaka yoyote. Na alipolishika gitaa tena, baadhi ya Waislamu waliomshangilia alipoliacha walimwambia amerudi nyuma. Yeye hakubishana kwa matusi. Aliandika kijitabu kueleza kwa nini bado anabeba gitaa, akaendelea na mambo yake. Mwaka 2023, akiwa na miaka karibu 75, aliimba Glastonbury mbele ya umati mkubwa.

JUNAID JAMSHED: ALIYEONDOKA ASIRUDI

Kutoka London twende Pakistan, kwa sababu huko yupo aliyefika njia panda hiyo hiyo akachagua njia nyingine. Junaid Jamshed alizaliwa Karachi mwaka 1964, akasomea uhandisi Lahore. Mwaka 1987 kundi lake, Vital Signs, lilitoa wimbo wa kuisifu nchi yao, ukawa kama wimbo wa pili wa taifa. Mwisho wa mwaka 2002 wasikilizaji wa BBC World Service waliupa nafasi ya tatu walipochagua nyimbo wanazozipenda zaidi duniani.

Akiwa juu hivyo, alianza kukaa na watu wa tabligh, na mwaka 2004 akatangaza kuwa ameacha muziki. Riziki yake ilikuwa jukwaa, na jukwaa lilipoondoka riziki nayo iliyumba. Kilichomshika ni duka la nguo alilolianzisha na wenzake mwaka 2002, ambalo baadaye lilikua na kufika miji mingi. Sauti hakuiacha ikafa. Mwaka 2005 alitoa mkusanyiko wa nasheed, bila ya ala, na watu waliokuwa wakimsikiliza disko wakaanza kumsikiliza nyumbani pamoja na wazee wao.

Naye hakusalimika na lawama. Mashabiki wa zamani walimwona mwenye msimamo mkali. Mwaka 2014 alishutumiwa vikali kwa maneno aliyoyatoa katika mawaidha, akaomba radhi hadharani. Mwaka 2016 alishambuliwa na watu katika uwanja wa ndege wa Islamabad. Desemba 7 mwaka huo huo, akitoka Chitral katika safari ya daawa, ndege yao ilianguka karibu na Havelian na wote waliokuwemo wakafariki, yeye na mkewe. Allah awarehemu.

SITI BINTI SAAD: ASIYEONDOKA

Watatu ni wa karibu yetu. Sisi wa nchi jirani tumeletewa Kiswahili hiki na wafanyabiashara na masheikh waliotoka pwani, na huko pwani sauti iliyotangulia nyingine zote katika santuri ni ya mwanamke Mwislamu, Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Hata jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alitembeza vyungu mjini akiviuza, na sauti ya kunadi vyungu ndiyo iliyowashtua watu. Mnamo 1911 akahamia mjini, akafunzwa na wapigaji wa hapo. Wakati huo taarabu ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake wakaiimba kwa Kiswahili, wakaeleza mambo ya mtaani: dhulma, mahakama, wanawake walioonewa. Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwachukua mpaka Bombay kurekodi, na santuri hizo zikauzwa pwani yote na bara.

Kisha mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ukaua soko la santuri. Mitindo mipya ikaingia, miaka ikapita. Siti alifariki mwaka 1950. Santuri zenyewe zilikuwa za kuvunjika, na nyingi zilivunjika.

Ni nini basi kilichomfikisha kwetu? Ni mambo mawili aliyoyaweka kwa watu wengine. Moja ni wanafunzi na wasikilizaji wake, kama Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza na akaimba mpaka uzee wake, akafariki 2013. La pili ni simulizi ya maisha yake: Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi ambao hawakuwahi kusikia hata santuri yake moja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, makofi huisha kwa kila mtu. Aliyeacha yaliisha, aliyerudi yaliisha kisha yakaja mengine, na asiyeacha yaliisha vilevile. Kijana anayejenga maisha yake juu ya makofi anajenga juu ya mchanga wa ufukweni.

Pili, kinachobaki ni kilichopandwa ndani ya watu wengine. Shule ya watoto 13, nasheed iliyoimbwa majumbani, mwanafunzi aliyeshika kazi ya mwalimu wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Hakutaja umaarufu.

Tatu, na hili ni letu sisi jamii. Anayeacha jukwaa anaacha na chakula chake. Yusuf aliweza kunyamaza miaka mingi kwa sababu malipo ya nyimbo za zamani yaliendelea kuingia, na fedha hizo akazielekeza kwenye shule na sadaka. Junaid alikuwa na duka. Kijana wa mtaani kwetu anayeimba harusini Jumamosi ili mdogo wake alipiwe ada hana shule wala duka. Tukimwambia "acha" kisha tukaondoka, tumemwachia njaa na upweke, na wiki ya tatu tutamkuta amerudi kule kule, tena akiwa na kinyongo na msikiti.

Basi mwenye kumshauri kijana aache, na ajiulize kabla hajafungua mdomo: nimemtafutia kazi gani? Nani atakaa naye jioni zile alizokuwa akikaa na bendi? Sauti yake tutaipa nafasi wapi, katika adhana, katika kisomo cha Qur'ani, katika kaswida za madrasa, katika kufundisha watoto kusoma? Na akibadilika, tusimfanye kombe la ushindi la kuonyeshwa kila mkutano. Aliyegeuka ana haki ya kukua taratibu, kusoma, kukosea na kusahihishwa kwa upole kama sisi.

Nanyi wanafunzi, sauti ni amana. Jifunzeni pamoja nayo kazi nyingine ya mkono au ya kalamu, ili siku mtakayotaka kusema hapana muwe na uwezo wa kusema hapana.

Tunamwomba Allah (S.W.) azifanye sauti za watoto wetu ziwe hoja kwa ajili yao, zisiwe hoja dhidi yao, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.