Uwanja wa baiskeli wa ndani, Manchester

Wengi tukisikia mbio za baiskeli tunawaza barabarani tu. Manchester, Uingereza, wanazo za ndani, chini ya paa. Jiji liliomba Olimpiki ya 2000, Sydney ikawapiga chini mwaka 1993, lakini uwanja ukafunguliwa 1994 hivyo hivyo. (Sisi tukikosa uenyeji hata ramani tunatupa!)

Njia ni ya mbao, mzunguko mita 250, na kwenye kona imeinuka nyuzi 42, yaani kama ukuta. Ukienda polepole unateleza mpaka chini. Hapo Chris Boardman alipiga kilomita 56.375 kwa saa moja, 1996. Timu iliyozoa dhahabu 7 za uwanjani kule Beijing 2008 ilifanyia mazoezi hapo.

Ila kilichonifurahisha ni kwamba mtu wa kawaida naye analipia saa yake, anakodishwa baiskeli na kocha anamwelekeza. Baiskeli zenyewe hazina breki! Tairi likizunguka, miguu nayo inazunguka. Mimi niliyejifunzia Phoenix ya mzee, mguu ukipita katikati ya fremu, najua maumivu ya kukosa breki. Wenzetu wanapunguza mwendo kwa miguu, kisha wanashika reli ya pembeni.